Siku nzima mtoni kumvua barbeli ukiwa na mwongozaji: mwongozo kamili

Barbeli ni samaki wa sakafu ya mto. Mwili wake ni mrefu na imara, tumbo bapa, mdomo umetazama chini, na ana sharubu nne: mbili kwenye ncha ya pua, mbili kwenye pembe za mdomo. Kwa sharubu hizo hupapasa na kuonja kokoto akitafuta wadudu, konokono na mabuu yaliyojificha kati ya mawe. Ukishika picha hiyo, nusu ya kazi umeielewa: chambo lazima kilale chini kabisa, mahali penye maji yanayotembea, na kitulie hapo bila kuburutwa mpaka samaki akifikie.

Wengi hulipia siku ya mwongozaji, yaani mvuvi mzoefu anayelipwa kukuongoza, wakidhani wananunua mahali penye samaki. Mahali utaonyeshwa, lakini mto hubadilika kila wiki na pale pa leo huenda pakawa patupu mwezi ujao. Kinachobaki ni namna ya kusoma maji, kulisha kwa kiasi, kungoja bila pupa, na kumrudisha samaki akiwa mzima. Mwongozo huu unafuata siku hiyo kuanzia maandalizi hadi giza, kwa mito ya Uingereza kama Trent, Severn na Wye. Trent ni makao ya asili ya barbeli. Severn walipandikizwa mwaka 1956, na leo mito yote mitatu inajulikana kwa samaki huyu.

Kabla ya kwenda

Uvuvi wa barbeli mtoni hufungwa kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na hufunguliwa tarehe 16 Juni. Sababu ni kwamba samaki hawa hutaga majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, kwenye kokoto safi za maji mafupi. Kila mvuvi mwenye miaka 13 na zaidi anahitaji leseni ya fimbo. Walio na miaka 13 hadi 16 hupewa bure, lakini lazima waiombe. Leseni hiyo haikupi haki ya kuvua kwenye ukingo wowote uutakao. Haki ya ukingo ni ya mwenye ardhi au klabu, nayo hulipiwa tofauti. Muulize mwongozaji mapema kama tiketi ya ukingo imo ndani ya malipo yake. Leseni, kwa kawaida, ni juu yako mwenyewe.

Muulize pia mambo haya, na usione haya kuyauliza: je, ana bima? Atakupa vifaa, au uje na vyako? Atakuwa na wavuvi wangapi siku hiyo? Mmoja au wawili inatosha. Wakiwa wanne, utajifunza kidogo sana. Na saa je? Swali la saa ndilo zito kuliko yote. Kiangazi, mto ukiwa mdogo na maji ni meupe, barbeli hujificha mchana na kula zaidi jua linapozama. Siku ya saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni hukosa kipindi bora kabisa. Omba muanze saa sita mchana mmalize gizani. Mwongozaji anayejali kazi yake atakubali, pengine atakuwa ameshalipendekeza yeye.

Vaa nguo za rangi tulivu na viatu vyenye soli zinazong'ata tope. Miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji ni kifaa cha kazi, si pambo: bila hiyo huoni chini. Chukua maji ya kunywa, na kitu cha kunawia mikono kabla ya kula, kwa sababu maji ya mto hubeba vijidudu vya leptospirosisi vinavyotoka kwenye mkojo wa panya. Kidonda chochote mkononi kifunike.

Kusoma maji

Usifungue begi la vifaa kwanza. Saa ya kwanza ni ya kutembea na mwongozaji ukingoni, taratibu, bila kukanyaga kwa kishindo, maana mtetemo wa ardhi husafiri hadi majini.

Mnatafuta vitu vitatu kwa pamoja: kokoto chini, mkondo wa wastani, na maficho karibu. Maji yanayokwenda kasi ya mtu anayetembea bila haraka ni mazuri. Yakipiga povu juu ya mawe, ni ya kasi mno kwa samaki kukaa muda mrefu, ingawa kiangazi chenye joto barbeli hupanda huko kufuata hewa. Yakisimama kabisa, chini hujaa tope na barbeli hapendi.

Tazama uso wa maji. Palipo laini kama kioo huku pembeni pakiwa na mikunjo, kuna mpaka kati ya mkondo wa kasi na wa polepole. Samaki hukaa upande wa polepole na kuchungulia chakula kinachopita upande wa pili. Tazama pia magugu marefu yanayolala na mkondo. Kati ya mistari yake kuna vijia vya kokoto safi, navyo ndivyo barabara za barbeli. Matawi yaliyoinama majini, kingo zilizochimbwa na maji kwa chini, na mwisho wa shimo refu pale kina kinapoanza kupanda, yote ni maficho.

Ukikaa kimya juu ya daraja au ukingo mrefu kwa dakika kumi, huenda ukawaona wenyewe. Kinachoonekana kwanza mara nyingi si samaki mzima. Ni mwako wa rangi ya shaba pale barbeli anapojigeuza ubavu kujisugua kwenye kokoto, halafu mapezi ya chini yenye wekundu kama wa tofali. Ukiona mwako mmoja, usisogee. Baada ya hapo jicho huzoea, na kile ulichodhani ni jiwe jeusi kitapiga mkia.

Mahali msipopaona kwa macho mpapime kwa mshipi. Tupa chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, bila ndoano, livute polepole, na uisikilize fimbo. Kokoto hugonga-gonga mkononi, mchanga huteleza, tope hulishika chubwi kama gundi, magugu huvuta kisha huachia ghafla. Chagueni sehemu tatu au nne, msitegemee moja.

Fimbo, rili na mshipi

Fimbo ya barbeli ina urefu wa mita 3.3 hadi 3.6. Nguvu yake hupimwa kwa uzito unaoipinda ncha hadi pembe mraba. Kwa mito mingi pauni 1.5 hadi 1.75 (karibu gramu 700 hadi 800) inatosha. Ya pauni 2 na zaidi ni ya mafuriko na machubwi mazito. Fimbo laini kupita kiasi haiwezi kumzuia samaki asifike kwenye mizizi. Ngumu kupita kiasi hung'oa ndoano samaki anapopiga kichwa karibu na wavu.

Rili, gurudumu la kukunjia mshipi, iwe ya ukubwa wa 4000 hadi 5000, yenye breki laini. Nyingi zina kibonyezo cha kuachia mshipi utoke huru samaki akikimbia, na kifaa hicho kimeokoa fimbo nyingi zisivutwe majini. Mshipi mkuu uwe wa kuhimili pauni 12, na kigwe, kile kipande cha mwisho kinachofungwa ndoano, kiwe cha pauni 10. Usigeuze mpangilio huo. Mkikwama, kinachotakiwa kukatika ni kigwe, ili usimwache samaki akiburuta mita 30 za mshipi.

Breki ipimwe kabla ya kutupa. Mpe mwongozaji ashike mwisho wa mshipi, nawe inua fimbo mpaka ipinde vizuri. Mshipi uanze kutoka fimbo ikiwa imepinda sana lakini bado ina nafasi ya kupinda zaidi. Usipotoka kabisa, kitu kitakatika. Ukitoka fimbo ikiwa imenyooka, barbeli atafika kwenye magugu kabla hujasimama.

Kufunga kigwe chenye unywele

Barbeli huonja kabla ya kumeza, na peleti, yaani kidonge kigumu cha chakula cha samaki, haichomeki kwenye ndoano. Kwa hiyo chambo huning'inizwa nyuma ya ndoano kwa uzi mfupi uitwao unywele. Samaki akikifyonza chambo, ndoano hukifuata mdomoni ikiwa wazi, bila kuzibwa na chambo. Funga vigwe hivyo nyumbani usiku uliotangulia, vitano au sita, uvizungushe kwenye kibao.

1. Kata kigwe cha mita 1 cha fluorokaboni, unene wa milimita 0.28 au karibu na hapo. Fluorokaboni haionekani sana majini na huzama.

2. Mwishoni funga kitanzi kidogo cha milimita 5. Pitisha chambo kwa sindano yenye ndoana, kisha weka kizuizi kidogo kwenye kitanzi ili chambo kisichomoke.

3. Pitisha ncha ya pili kwenye tundu la ndoano namba 8 au 10, kutokea upande wa mgongo kwenda upande wa ncha. Vuta mpaka chambo kikae milimita 5 hivi chini ya pindo la ndoano.

4. Shika unywele ulale sambamba na shina la ndoano. Zungusha kigwe kirefu kuelekea chini mara 7 au 8, kikibana shina na unywele pamoja. Mizunguko ipangane kando kwa kando, isipandane.

5. Rudisha ncha ndefu kwenye tundu, tena kutoka upande wa mgongo kwenda upande wa ncha. Hapa ndipo wengi hukosea. Ikiingia kwa upande wa pili, ndoano hailali vizuri ikivutwa, nayo huteleza mdomoni bila kushika.

6. Lowesha fundo kwa mate, vuta polepole mpaka likaze. Fluorokaboni ikikazwa ikiwa kavu huungua kwa msuguano na kupoteza nguvu bila dalili yoyote ya nje.

Jaribu kazi yako: lalisha kigwe juu ya kiganja na ukivute taratibu. Ndoano inapaswa kugeuka na ncha kuchoma ngozi. Isipogeuka, kata ufunge upya. Na ikague ncha kila baada ya kutupa mara tatu nne kwa kuiburuta juu ya ukucha. Ikiteleza, ni butu. Kokoto hula ncha haraka.

Kwenye mshipi mkuu, chubwi au kikapu cha chambo kipite huru, kifuatwe na ushanga wa mpira, kisha swiveli, kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, inayounga kigwe. Lazima kiteleze. Mfumo uliofungwa kabisa ni hatari, kwani mshipi ukikatika juu, samaki hubaki amefungwa jiwe mdomoni. Sehemu nyingi hudai ndoano isiyo na chembe, kile kijino cha nyuma ya ncha. Hata pasipodaiwa, hutoka kirahisi na hujeruhi kidogo.

Urefu wa kigwe hubadilika na maji. Maji meupe na samaki waliozoea kuvuliwa: mita 1 hadi 1.5, ili chambo kiwe mbali na chubwi. Hali ya kawaida: sentimita 60 hadi 90. Maji ya mafuriko: sentimita 30 hadi 45, kwa sababu kigwe kirefu huchezeshwa na mkondo na chambo hakitulii.

Chambo na kulisha

Chambo kinachotegemewa zaidi ni peleti za samaki za milimita 8, moja au mbili kwenye unywele. Vibonge vya kuchemshwa vya milimita 12 hadi 15 hufaa pale ambapo samaki wadogo wanasumbua. Nyama ya kopo iliyokatwa vipande vya sentimita 1.5 bado huvua sana, hasa maji yakiwa ya rangi. Usiikate kwa pande zilizonyooka mno, irarue kidogo ili itoe mafuta na harufu. Funza wakiwa kwenye ndoano ni chambo kizuri, lakini kila samaki mdogo mtoni atawala kabla barbeli hajafika.

Cha kulishia, hakuna kinachoshinda mbegu za hempu. Loweka kilo 1 usiku kucha, chemsha dakika 20 hadi 30 mpaka mbegu zipasuke na kichipukizi cheupe kichungulie, zima moto, ziache zipoe ndani ya maji yake. Mbegu hizo huzama na kuingia kati ya kokoto. Barbeli huzinusa, lakini kuzipata zote hawezi, kwa hiyo hubaki hapo saa nzima akigeuza mawe. Changanya na peleti ndogo za milimita 3 au 4.

Kuna njia mbili za kufikisha chakula chini. Ya kwanza ni kisanduku cha kushushia, ambacho hufunguka kikigusa sakafu. Shusha mara 6 hadi 8 mahali pamoja palepale, halafu ondoka. Usitupe ndoano. Nenda ufanye hivyo sehemu ya pili na ya tatu, urudi ya kwanza baada ya dakika 45 au saa moja. Kungoja huku ni kugumu kwa mgeni, na hapa ndipo mwongozaji anapoistahili pesa yake, kwa sababu atakuzuia. Samaki wakila bila kuguswa na mshipi wowote, hupoteza hofu na kuanza kushindana. Ndoano ikishuka wakati huo, mara nyingi haimalizi dakika kumi. Ikishuka mapema, utapata mmoja na wengine wote wataondoka naye.

Njia ya pili ni kikapu cha chambo, kwa mito mipana kama Trent ambako kisanduku hakifiki. Jaza kikapu peleti na hempu, ziba pande zote mbili kwa unga wa chambo uliolowa kidogo. Nusu saa ya kwanza tupa kila dakika 5 palepale ili kutandika meza. Baada ya hapo kila dakika 15 hadi 20. Bana mshipi kwenye klipu ya rili ili umbali usibadilike, lakini utoe kwenye klipu kabla ya kuweka fimbo chini. Ukisahau, samaki wa kwanza atakata kila kitu.

Kiasi je? Kiangazi kilo 1.5 hadi 2 kwa siku nzima kwa sehemu zote. Baridi ikiingia, punguza hadi mikono miwili mitatu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 6 za Selsiasi, barbeli hula kidogo sana, na chakula kingi humshibisha kabla hajafika kwenye ndoano. Wakati huo zungushia peleti bandiko laini la peleti zilizolowekwa na kukandwa: harufu nyingi, chakula kidogo.

Kutupa na kukaa

Tupa mbele kidogo kwa upande wa chini wa mkondo. Chubwi likishafika chini, usikaze mshipi mara moja. Achia mita mbili tatu ili mkondo utengeneze upinde kwenye mshipi. Upinde huo hupunguza nguvu ya maji juu ya chubwi, nalo hubaki mahali pake. Wengi wakiona chubwi linasogea hukimbilia zito zaidi. Achia mshipi kwanza. Isiposaidia, ndipo upande kutoka gramu 60 hadi 85, au 110. Chubwi bora ni lile linaloshika kwa shida: samaki akiinua chambo, linang'oka, naye anajichoma mwenyewe.

Mto mpana wenye takataka zinazoelea unahitaji fimbo zisimame juu, ncha ikitazama angani, ili mshipi mdogo tu uguse maji. Mto mdogo wenye maji meupe unahitaji kinyume chake: fimbo chini, mshipi ulegee ulale sakafuni, samaki wasiuguse.

Sasa uisome ncha. Kutikisika kidogo-kidogo ni samaki wadogo wanaodonoa. Kuvutwa kwa sentimita chache kisha kurudi taratibu ni barbeli anayegusa mshipi kwa mwili au pezi. Usivute, kwani ukivuta hapo utawatisha waliopo. Ni habari njema, wamefika. Mlo wenyewe wa barbeli hauhitaji kuulizwa: fimbo hupinda yote na rili hulia. Usipige kwa nguvu. Inua tu fimbo na umshike. Ndio maana fimbo haiachwi hata kwa dakika moja. Mtu aliyeenda kuchukua chai hukuta kishikio kitupu.

Kumvuta

Kukimbia kwake kwa kwanza ndiko kukali, mara nyingi kuelekea chini ya mkondo au kwenye maficho. Mwachie breki ifanye kazi, fimbo ikiwa imepinda kwa pembeni, sambamba na maji, si juu ya kichwa. Mvuto wa pembeni humgeuza kichwa. Wa juu humwinua tu. Kama ukingo unaruhusu, tembea mpaka uwe naye usawa au chini yake, ili asipigane nawe akisaidiwa na mkondo.

Akiingia kwenye magugu na kila kitu kikasimama, usivute kwa hasira. Legeza mshipi kabisa, weka fimbo kwenye kishikio, ngoja dakika mbili tatu. Mara nyingi hutoka mwenyewe asipohisi mvuto. Asipotoka, badilisha upande wa kuvuta.

Usimchoshe kupita kiasi kwa vifaa vyepesi. Barbeli hupigana mpaka nguvu za misuli zinaisha na asidi kujaa mwilini. Samaki aliyevutwa dakika kumi na tano kwenye maji ya joto anaweza kuogelea vizuri akiondoka na kufa baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo, maji yakifika nyuzi 20 kuwa mwangalifu mno, na joto likizidi hapo sana, mwongozaji mzuri atasitisha siku. Maji moto hubeba oksijeni kidogo, na hasara huenda kwa samaki. Mkubalie bila ubishi.

Wavu wa kuopolea ukae majini tayari, umezama. Mlete samaki juu ya wavu, kisha inua wavu. Usimkimbize samaki kwa wavu.

Mikononi na kurudi

Hapa pasiwe na haraka wala uzembe. Samaki akishaingia, mwache ndani ya wavu majini, kichwa kikitazama juu ya mkondo, dakika moja au mbili apumue. Wakati huo andaa mkeka uliolowa, koleo ndogo, mizani na mfuko wa kupimia uliolowa na kusawazishwa hadi sifuri, na kamera. Vyote viwepo kabla hujamtoa.

Angalia pezi la mgongoni. Mwiba wake wa mbele una meno kama msumeno mdogo, na hunasa kwenye nyuzi za wavu. Ukinasa, usivute; sukuma wavu nyuma uachie. Mwiba huo ndio sababu barbeli hafai kuwekwa kwenye wavu wa kuhifadhia samaki ukingoni.

Lowesha mikono. Mlaze juu ya mkeka, toa ndoano kwa koleo kufuata njia iliyoingilia. Picha ipigwe ukiwa umepiga magoti, samaki akiwa sentimita chache juu ya mkeka, mkono mmoja chini ya shina la mkia, mwingine nyuma ya mapezi ya mbele. Usiingize kidole kwenye matamvua. Pumua ndani, piga, mrudishe. Jumla ya muda nje ya maji isizidi nusu dakika au karibu na hapo. Na usijaribu kumfanya kitoweo: mayai ya barbeli yana sumu inayoleta kutapika na kuhara, na kisheria barbeli mkubwa wa mtoni hurudishwa.

Kumrudisha ni kazi, si kutupa. Mrudishe ndani ya wavu kwenye maji yanayotembea, kina cha goti, kichwa juu ya mkondo. Mshike wima tu. Usimsukume mbele na nyuma, kwani maji yakiingia kinyume kwenye matamvua humdhuru. Subiri dalili hizi zikae pamoja: amesimama wima bila msaada, pezi la mgongo limenyanyuka, matamvua yanafunga na kufungua kwa mpangilio, na mkia unasukuma kiganja chako. Inaweza kuchukua dakika mbili, inaweza kuchukua kumi na tano. Akilala ubavu baada ya kumwachia, mfuate umshike tena. Hakuna samaki mwingine unayemvua mpaka huyo aondoke.

Maji yakiwa mekundu

Mvua ikinyesha juu ya mto na maji yakapanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, wengi huahirisha. Maji hayo yakiwa na nyuzi 10 au zaidi, barbeli hula mchana kutwa, na hula karibu na ukingo. Sogea ndani: mita 3 hadi 5 kutoka miguuni, nyuma ya kichaka kilichozama au kwenye kona inayopunguza kasi. Chambo kikubwa chenye harufu, kigwe kifupi, chubwi hadi gramu 170. Vuta kila dakika 20 kuondoa majani kwenye mshipi. Lakini maji yakipanda huku yakipoa ghafla, hasa yakiwa ya theluji iliyoyeyuka, baki nyumbani.

Usalama hapa ni wa kwanza. Kingo zilizolowa humeguka. Vaa jaketi la kuelea, pima ukingo kwa fimbo ya kutembelea kabla ya kukanyaga, na usiingie majini kumfuata samaki. Usisimame chini ya nyaya za umeme na fimbo. Kaboni hupitisha umeme.

Kabla ya kuagana

Mwombe mwongozaji dakika kumi za mwisho. Andika usawa wa mto siku hiyo, joto la maji, rangi yake, kila sehemu mliyolisha na saa ya kila mlo. Mwambie akuangalie ukichagua mwenyewe sehemu moja mpya na akusahihishe. Nyumbani, anika wavu, mkeka na mfuko wa kupimia vikauke kabisa kabla ya kuvipeleka mto mwingine, kwa kuwa magonjwa na viumbe wageni husafiri ndani ya nyuzi zilizolowa.